Dondoo muhimu: Kadi kongwe za besiboli

Kabla ya kulipia kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya 1952, shika rula. Kadi halisi ni kubwa kuliko inchi 2.5 kwa 3.5. Zile ambazo Topps wenyewe walizichapa upya mwaka 1983 zina kipimo hicho kidogo, na nyuma zimeandikwa kwamba zimechapwa upya. Kadi ikipungua kidogo tu kuliko kipimo chake halisi, shuku kwamba kingo zimekatwa ili ionekane mpya. Cheti cha ubora nacho kisikupumbaze: kadi ya mchezaji Honus Wagner iliyopewa daraja la 8 na PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi, ilikuja kubainika imekatwa. Usiisafishe kadi yako, hata kwa kitambaa. Mwenye pesa kidogo atafute kadi zilizochakaa pembe. Bei hushuka sana, sura ya mchezaji ni ileile.