Mtoto Akipima Udongo, Tumpimeje Yeye?



Huenda mtoto wako amekuja nyumbani akaomba chupa tatu, kikombe kimoja na udongo wa shamba lako. Usimfukuze. Huo si mchezo, ni kazi ya shule. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa kazi anazozifanya mtoto kwa mikono yake nazo huhesabiwa. Mwalimu humpima kwa ngazi nne: amezidi matarajio, ametimiza matarajio, anakaribia matarajio, au yuko chini ya matarajio. Yafaa nawe mzazi ujue kazi hiyo hupimwaje.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini nilisomea ualimu. Nilipokuwa mafunzoni nilipewa madaftari ya uchunguzi niyasahihishe. Moja lilikuwa safi, na michoro yake imepakwa rangi. Nikalipa alama za juu. Jingine lilikuwa na matope, nikalipa alama chache. Kesho yake niliwaita wenye madaftari waeleze kazi yao. Wa kwanza alitazama chini akanyamaza, maana kazi ilikuwa ya baba yake. Wa pili alieleza bila kusita maji aliyoyamwaga na muda aliongoja. Niliona haya. Nilikuwa nimepima daftari, sikumpima mtoto.

Basi tuchukue mfano wa huku kwetu. Upande wa Malaba na Amagoro kuna miamba mikubwa ya matale. Jua na mvua huivunja polepole, na vijiwe vyake vigumu vinavyong'aa hubaki kuwa mchanga. Kwa hiyo udongo mwingi wa huko ni mwepesi. Lakini ukishuka mpaka Bunyala, kusini mwa Busia, utakuta udongo mweusi mzito, na hapo watu hulima mpunga. Mtoto anauliza: udongo upi hushika maji zaidi?

Achukue chupa za plastiki za namna moja, ambazo hazikosekani kando ya barabara ya malori. Azikate katikati, ageuze shingo chini na kuziba mdomo kwa kitambaa. Kila chupa aitie kikombe kimoja cha udongo uliokauka, kisha kikombe kimoja cha maji. Baada ya dakika kumi apime maji yaliyodondoka.

Akimaliza, muulize haya:

1. Ulitaka kujua nini? Asiyejua swali lake hawezi kujua jibu lake.

2. Ulibadili nini, na nini hukubadili? Udongo tu ndio ubadilike. Akizidisha maji katika chupa moja, ulinganifu umeharibika.

3. Uliona nini? Ataje vipimo. "Maji yalipita mengi" haitoshi; "nusu kikombe" yatosha.

4. Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapa asikilizwe kwa subira, hata akieleza kwa Kiteso au Kiluhya.

5. Ukirudia utafanyaje? Anayeona kosa lake mwenyewe amekwenda mbele.

Jambo kubwa ni hili: usimpunguzie mtoto kwa sababu jibu lake halikulingana na kitabu. Aliyeandika, "Nilidhani mbegu zitaota vizuri katika udongo mweusi, lakini tatu zilioza kwa sababu maji yalituama," amefanya kazi bora kuliko aliyenakili. Na wewe usimfanyie kazi. Ukimfanyia, mwalimu atakuwa anakupima wewe, na mtoto atabaki mikono mitupu.

Faida si ya shule tu. Wengi wenu mnaokaa katika mashamba ya skimu mlikuta udongo ambao baba zenu hawakuulima. Mtoto akigundua kwamba maji hupita upesi sehemu ya juu ya shamba, umepata habari ya kukusaidia: hapo panahitaji samadi nyingi, na muhogo au mtama utavumilia kuliko mahindi. Lakini chupa haionyeshi uchachu wa udongo. Kabla hujanunua chokaa, peleka udongo ukapimwe katika maabara.

Kazi hii si ngeni huku. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba katika pango la mwamba wa Kakapel, huko Teso, walipata kunde ya miaka 2,300 hivi iliyopita. Mtu wa zamani aliyepanda kunde alitazama mvua, udongo na mbegu, akakumbuka alichokiona. Mtoto wako anafanya vivyo hivyo, ila yeye anaandika.

Maswali ya kujipima:

(a) Kwa nini vikombe vya udongo na maji viwe sawa?

(b) Daftari safi na maelezo ya mdomo, utasikiliza lipi kwanza?

(c) Je, umemwuliza mtoto wako juma hili ameona nini shambani?