Kundi la Mazingira Kazini: Anza na Anayeshika Taka

Wengi wetu tulikuwa katika chama cha mazingira shuleni. Tulipanda miche, tukaokota karatasi uwanjani siku ya Ijumaa, tukawaimbia wageni nyimbo za kusifu misitu. Kisha tukamaliza shule, tukapata kazi, na mambo hayo yakaishia hapo. Lakini siku hizi wako wafanyakazi wa ofisi, hospitali, hoteli, shule na viwanda wanaounda makundi yao wenyewe ya kutunza mazingira pale wanapofanyia kazi. Makundi hayo hayaletwi na waraka wa meneja. Huanza na watu watatu au wanne waliochoka kuona bomba likivuja mwaka mzima. Katika somo la toleo hili tunaangazia jinsi kundi kama hilo linavyofanya kazi, na kinachofanya mengine yafe mapema.

Nianze na kosa nililoshiriki mwenyewe. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani, tulianzisha kundi kwa shangwe. Tulichapisha fulana, tukanunua mapipa mawili ya rangi tofauti, moja la mabaki ya chakula na jingine la karatasi na plastiki, tukapiga picha. Wiki chache baadaye niliwahi kufika kazini, hata saa moja haijagonga, nikamkuta mama wa usafi akimimina mapipa yote mawili katika gunia moja.

"Mama, mbona unachanganya?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, lori ni moja. Na gunia nililopewa ni moja."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliajiriwa na kampuni ya usafi, hakuwa katika orodha ya barua pepe zetu, na mikutano yetu ilifanyika alasiri, yeye akiwa ameshakwenda nyumbani. Tulipomwalika hatimaye, alitusaidia kwa dakika tano kuliko sisi tulivyojisaidia kwa miezi miwili: jirani yake alifuga nguruwe na alikuwa tayari kuja na ndoo zake kuchukua maganda na mabaki. Pipa la chakula halikuhitaji lori tena.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua mwenyekiti, angalieni ni nani anayegusa taka, maji, stima na mafuta kila siku. Mlinzi wa usiku anajua taa zinazowaka hadi asubuhi. Dereva anajua safari ambazo magari mawili huenda mahali pamoja siku moja. Anayepika chai anajua maziwa yanayomwagwa. Karani wa ununuzi ndiye anayeagiza chupa za maji za plastiki, na ndiye anayeweza kuacha kuziagiza. Kundi lililojaa maafisa wa idara moja litaandika mapendekezo mazuri yatakayolala kwenye faili.

Mahali ambapo jambo hili si la mapambo ni katika vituo vya afya. Huko taka hutenganishwa kwa rangi: mfuko mweusi kwa taka za kawaida, wa manjano kwa taka zinazoweza kuambukiza, na mwekundu kwa zile za hatari zaidi. Sindano na vyembe huwekwa katika kisanduku maalum kigumu, ambacho hufungwa kikishajaa robo tatu. Sindano moja ikitupwa ndani ya mfuko mweusi, aliyeitupa hatajua kilichotokea. Atakayejua ni anayebeba mfuko huo begani au anayeufungua jalalani, kwa sababu sindano iliyotumika inaweza kumwambukiza homa ya ini ya aina ya B au C, au virusi vya Ukimwi. Kuna hasara nyingine pia. Karatasi na maganda ya ndizi yakitiwa katika mfuko wa manjano, kituo hulipia kuchoma takataka ambazo hazikuhitaji kuchomwa, na moshi huongezeka bure. Kundi la wafanyakazi wa kituo likikagua mifuko mara moja kwa wiki, wauguzi na wahudumu wa usafi wakiwa pamoja, litagundua haraka ni wodi ipi inayokosea na sababu yake. Mara nyingine sababu ni ndogo tu: kisanduku cha sindano kimewekwa mbali na kitanda.

Sheria nayo iko upande wenu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya serikali kuyalinda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenganishe taka zisizo za hatari: zinazooza kando na zisizooza. Kaunti nazo zimewekewa wajibu wao katika sheria hiyo, na wakaazi wana haki ya kutuuliza tumefika wapi. Mama yule wa gunia moja angekuwa wa kwanza kuuliza.

Mfanyakazi wa kibarua anaweza kuogopa kusema. Hapa inafaa kuikumbuka Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Tena mwajiri haruhusiwi kumfuta au kumbagua mfanyakazi kwa sababu amelalamikia jambo analoliona si salama, au kwa sababu yumo katika kamati hiyo. Kundi la mazingira halina kinga hiyo kwa jina lake. Kwa hivyo jambo likiwa la hatari, kama kemikali kumwagwa mtaroni au moshi wa jenereta kuingia ofisini, lipelekeni kupitia kamati ya usalama, kwa maandishi.

Kwa mengine, peleka hesabu. Chukueni bili za stima na maji za miezi 12 iliyopita, muone mwezi upi umepanda na mjiulize kwa nini. Wekeni ndoo chini ya bomba linalovuja kwa saa moja. Likitoa lita 1, hizo ni lita 24 kwa siku, zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20 unaobebwa mgongoni na mwananchi asiye na bomba. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 10 kwa siku, siku 22 za kazi, hutumia uniti 13.2 za stima. Ya LED ya wati 9 hutumia takriban uniti 2. Zidisheni kwa idadi ya balbu mlizo nazo na bei ya uniti kwenye bili yenu. Mkuu wa fedha asiyependa habari za tabianchi atawasikiliza.

Nikiri hapa kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kuzima taa kunaokoa pesa zaidi kuliko kunavyopunguza moshi. Mkitaka kupunguza moshi, tazameni dizeli ya magari na jenereta, na mabaki ya chakula yanayooza jalalani na kutoa gesi ya methani.

Kuhusu miti, kila kundi hutaka kuanza nayo kwa sababu inapigika picha vizuri. Hata Wangari Maathai alianza kwa hasara: kati ya miti 7 iliyopandwa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, mingi ilikauka, ikabaki 2. Baadaye Green Belt Movement ikawa inawalipa akina mama kwa miche iliyonusurika. Fuateni utaratibu huo. Mti usio na jina la mtu wa kuumwagilia wakati wa kiangazi msiupande, na ripoti yenu ihesabu iliyo hai baada ya mwaka.

Kukutana mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa, ndani ya muda wa kazi, kunatosha. Mwombeni mkuu wenu idhini ya saa hiyo kwa barua, na mtaje ndani yake jambo moja tu mtakalolishughulikia kwa miezi 3. Mkutano uwe saa ambayo watu wa usafi na walinzi wanapokezana zamu. Mkihitaji ushauri wa kutenganisha taka, fikeni katika idara ya mazingira ya kaunti au ofisi ya NEMA ya kaunti yenu. Na kabla ya kununua mapipa, ulizeni kwanza lori ni ngapi.