KWA NINI MAJANI YA MAHINDI HUGEUKA MANJANO

Mtu apitaye Gilgil, kati ya Naivasha na Nakuru, wakati mahindi yafikapo magotini, huona shamba moja limestawi na la jirani limegeuka rangi ya manjano. Akitazama kwa makini ataona kwamba manjano hiyo haikuanzia juu. Huanzia majani ya chini, yaliyotangulia kuota, nayo huingia kwenye ncha ya jani na kufuata mshipa wa katikati. Majani machanga yangali kijani. Wengine husema ni jua kali, wengine husema ni ugonjwa. Mara nyingi ni njaa.

Mmea ukosao naitrojeni hufanya kama mzazi ajinyimaye ili watoto wale. Huvunja protini za majani yake ya zamani, kisha husafirisha vipande vyake mpaka majani machanga. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo asidi amino.

Protini ni mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi: kila ushanga ni asidi amino, nazo ni za aina 20. Sisi wanadamu hatuwezi kujitengenezea aina 9 kati ya hizo, hatuna budi kuzila. Mmea hujitengenezea zote, kwa sukari uliyoipata kwa nguvu za jua na kwa naitrojeni iliyonyonywa na mizizi. Hewani naitrojeni ni tele, yapata sehemu 78 katika kila 100, lakini mahindi hayana njia ya kuishika. Maharagwe yanayo, kwa msaada wa vijidudu wakaao katika vinundu vya mizizi. Ng'oa mharagwe mmoja, upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, kazi inaendelea.

Wala asidi amino si za kujengea tu. Iitwayo triptofani hugeuzwa na mmea kuwa kichocheo cha kurefusha shina. Methionini hutoa ile gesi iivishayo ndizi. Mvua ikikatika, jambo ambalo watu wa Gilgil hawahitaji kufundishwa, mimea mingi hulimbika prolini majanini ili isikauke upesi. Hata dawa ya magugu iitwayo glaifosati haiunguzi gugu kama moto. Huzuia kutengenezwa kwa asidi amino tatu, na ndiyo sababu gugu hufa polepole kwa siku kadhaa.

Siku hizi huuzwa madukani chupa za asidi amino za kunyunyizia majani. Si uwongo kwamba majani yaweza kunyonya kiasi. Lakini kilichomo chupani ni kidogo mno kwa haja ya shamba zima, na mkulima mwenye fedha za kitu kimoja tu, heri anunue mbolea ya kukuzia, au atie samadi iliyooza vizuri. Mmea ukipata naitrojeni, kazi iliyobaki waijua wenyewe.

Jambo hili lafika hata chunguni. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, na mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji wa mahindi matupu hudhoofika hata kama tumbo lake limejaa. Maharagwe yana laisini nyingi, nayo yapungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Waliobuni githeri hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilitimiza hesabu hiyo.

Mwaka 1964 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba wamepata mahindi yenye laisini nyingi kuliko kawaida. Punje zake zilikuwa laini, zikiliwa na wadudu. Surinder Vasal na Evangelina Villegas walifanya kazi miaka mingi huko Mexico mpaka wakapata punje ngumu zenye protini bora, wakatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Mwenye kupanda mbegu hiyo na ayatenge na mahindi ya kawaida, kwa maana chavua ya jirani ikiingia, punje zitakazozaliwa humo zitarudia hali ya zamani, na kwa macho huwezi kuzitambua.