Usinunue gunia, nunua nguvu iliyomo

Mpunga wa Imbo umevunwa na mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri. Pumba ni nyingi, bei yake imeshuka, na kiangazi kinakaribia. Wafugaji wa Cibitoke, huu ndio wakati wa kuweka akiba ya chakula cha mifugo, lakini msidanganywe na ukubwa wa gunia. Tangu sheria ya Burundi ya 2018 ilipokataza mifugo kuzurura, mnyama hali ila kile tunachomletea bandani. Akikonda, ni sisi tuliokosea hesabu.

Nguvu ya chakula hutoka kwenye wanga, sukari, protini na hasa mafuta, ambayo kwa uzito uleule huzidi wanga zaidi ya mara mbili. Maji na mchanga havina nguvu hata kidogo. Kilo ya mahindi makavu humpa kuku kilokalori zipatazo 3,300; kilo ya pumba za ngano humpa kama 1,300 tu. Ng'ombe hufaidi zaidi pumba hizohizo, maana tumbo lake huchachusha nyuzi. Kwa hiyo jirani akikusifia chakula, muulize kwanza anafuga nini.

Jambo la kwanza la kuangalia unaponunua ni maji. Machicha ya bia, dreshi ya Bujumbura, yakiwa mabichi ni maji kwa robo tatu au zaidi: kilo 100 hubakiza kilo 20 hadi 25 za chakula kikavu. Pima kilo moja, ianike mpaka uzito usipungue tena, kisha gawanya bei kwa kilichobaki. Hapo ndipo utajua umelipa faranga ngapi kwa kilo ya chakula kikavu.

Pumba za mpunga ndizo zinazoumiza wengi. Mashine ndogo zinazokoboa kwa mpito mmoja husaga maganda pamoja na pumba laini, na ganda kwa kuku ni mzigo wa tumbo tu. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri: maganda mengi yataelea, mchanga utatuama chini. Kisha finya pumba kavu kiganjani. Zenye mafuta hushikamana kidogo. Zilizojaa maganda humwagika na kukwaruza. Zinuse pia, kwa sababu mafuta ya pumba huanza kuharibika mara tu baada ya kukobolewa. Mimi sishauri kuku walishwe pumba zenye harufu kali, hata zikitolewa bure. Akiba ya kiangazi kizima na iwe ya mahindi au muhogo mkavu. Pumba nunua za wiki mbili.

Ukipata vipimo vya maabara, hesabu ya kuku haihitaji mtaalamu. Kanuni ya watafiti Carpenter na Clegg ya 1956 ni hii: zidisha asilimia ya mafuta kwa 2.25 na ya wanga kwa 1.1, jumlisha na protini na sukari, zidisha jumla kwa 38, ongeza 53, upate kilokalori kwa kilo. Mahindi yenye protini 8.5, mafuta 3.8, wanga 62 na sukari 2 hutoa kama 3,370. Unga wa muhogo mkavu wenye protini 2, mafuta 0.5, wanga 72 na sukari 3 hutoa kama 3,300.

Kwa nguvu, basi, muhogo unakaribiana na mahindi. Unachokosa ni protini. Kilo 80 za unga wa muhogo na kilo 20 za soya iliyokaangwa zinashika nafasi ya kilo 100 za mahindi kwa nguvu na protini. Mawese kidogo yataongeza nguvu na kutuliza vumbi la unga. Linganisha bei za sokoni wiki hii. Mchanganyiko ukiwa nafuu, acha mahindi yaliwe na watoto.

Walio kwenye ushirika wachangie sampuli moja ya pumba za kila mashine na kuipeleka maabara kabla ya kununua kwa wingi. Mwenye mashine akijua kwamba mnapima, atatenganisha maganda.