Kiu ya Usiku: Tuijue Sukari Yetu Kabla ya Ramadhani



Ramadhani iliyopita nilikaa chumba kimoja na ndugu yetu mmoja. Kila usiku nilimsikia akiamka mara tatu, mara nne, na birika mkononi. Nikasema moyoni: mashaallah, huyu anasimama usiku. Kumbe alikuwa akienda haja ndogo, kisha akirudi kunywa maji. Suruali zikamlegea, nikadhani ni saumu. Siku ya kumi na mbili alianza kutapika na kuhema, tukamkimbiza hospitali. Mashine ikasoma 480.

Ndugu zangu, tuelewe kilichotokea. Chakula hugeuka sukari katika damu, na insulini inayotoka kwenye kongosho huiingiza katika seli. Insulini ikikosekana au isipofanya kazi vizuri, sukari hubaki kwenye damu. Figo huitoa kwa mkojo pamoja na maji mengi, ndiyo ile kiu. Seli nazo hukaa na njaa, ndiyo kukonda na uchovu. Dalili nyingine ni macho kuona ukungu na vidonda kuchelewa kupona. Wengine hukaa miaka bila dalili yoyote.

Vipimo, kwa miligramu kwa desilita:

1. Kabla ya kula asubuhi: 70 hadi 99 ni kawaida, 100 hadi 125 ni onyo, 126 na zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.
2. Wakati wowote: 200 na zaidi pamoja na dalili hizo ni kisukari.

Je, kutoboa kidole kunabatilisha saumu? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba kutoa damu ya kupima hakufunguzi, wala sindano ya dawa isiyo lishe. Basi mwenye kisukari anayefunga apime mchana. Ikishuka chini ya 70 au ikipita 300, afungue papo hapo. Na kabla ya mwezi kuandama amuone daktari, kwani wapo wasiofaa kufunga kabisa.

Ndugu yetu aliniambia baadaye kwamba aliona haya kufungua mbele yetu. Haya ya nini? Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Aliyeruhusiwa na Mola wake asiogope macho ya wenzake.

Nami nilimsikia usiku kumi na moja bila kumuuliza. Wewe muulize mwenzako.

Wallahu a'lam.