Bima ya gari kwa simu: kwanza soma hesabu

Juzi mama mmoja wa kikundi cha maziwa alinijia simu mkononi. Alikuwa amenunua bima ya pikapu ya kikundi kwa intaneti, ile ya thad pati. Bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 5,000, lakini alilipa 5,563. "Mwalimu, hizi zingine ni za nani?" Basi tukakaa chini tukapiga hesabu.

Hapa Kenya sheria inaongeza vitu vitatu juu ya bei ya bima. Ushuru wa mafunzo ni asilimia 0.2, yaani shilingi 10. Mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka ni asilimia 0.25, yaani 12.50. Ushuru wa stempu ni 40. Jumla ni 5,062.50. Zilizobaki, kama 500 hivi, zilikuwa "ada ya huduma" ya yule muuzaji wa mtandaoni. Hiyo si ya serikali. Na kamisheni ya wakala je? Hiyo hulipwa na kampuni kutoka ndani ya zile 5,000, kwa hiyo usikubali kuambiwa uiongeze juu.

Kumbe hayakuishia hapo. Herufi moja ya namba ya gari iliandikwa vibaya kwenye cheti, akaombwa 300 za kusahihisha. Hilo si dogo, maana cheti chenye namba nyingine ni taabu barabarani, na ajali ikitokea ni taabu zaidi. Kosa lilikuwa la nani? Tulitafuta fomu aliyojaza: yeye aliandika sawasawa. Tukamwandikia muuzaji, akaondoa zile 300. Zile 500 alikataa kurudisha. Alisema zilionyeshwa chini kabisa, kwa maandishi madogo. Kweli zilikuwepo.

Mimi naona Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) ingefaa kuwalazimisha wauzaji wote waonyeshe jumla yote mwanzoni, pamoja na ada za kubadilisha na za kufuta bima. Lakini usingoje. Uliza mambo hayo kabla ya kubonyeza namba ya siri, na uweke ujumbe wa M-Pesa na nakala ya fomu. Muuzaji akikataa kukueleza, peleka malalamiko kwa kampuni ya bima yenyewe, halafu IRA.

Kazi ya kikundi: kila mwenye gari au pikipiki alete risiti yake ya mwisho. Toeni zile tatu za sheria. Nini kimebaki, na nani alikielezwa?