Matairi Makubwa kwa Pikapu Iliyoinuliwa Mbele: Pima Kabla ya Kulipa

Pikapu nyingi hutoka kiwandani pua ikiwa chini kidogo kuliko nyuma. Sababu ni mzigo: ukipakia magunia ya viazi, nyuma hushuka na gari husimama sawa. Wenye pikapu wengine humwomba fundi aweke vipande vya kuinua juu ya springi za mbele ili gari liwe sawa hata likiwa tupu, kisha hutafuta matairi makubwa kwa ajili ya matope ya masika. (Wakumbuke kurekebisha taa. Gari kama hilo likipakiwa, taa humpiga machoni anayekuja mbele.)

Kosa linalogharimu ni kuamini nafasi unayoiona juu ya tairi gari likiwa limeegeshwa. Ni kweli kipande hicho huinua gari, lakini likigonga tuta na springi ikabanwa hadi mwisho, tairi hufika pale pale lilipokuwa likifika zamani. Tena, nyuma ya gurudumu, karibu na chesisi, ambako tairi hupita ukikata usukani, hakuna nafasi ya maana inayoongezeka.

Kwa hivyo anza na namba zilizo ubavuni mwa tairi. Katika 265/65R17, upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukienda 265/70R17 unafika 803, yaani unaongeza milimita 13 hivi kila upande wa ekseli. Hiyo ni hatua ya kiasi. Lakini 285/70R17 hufika 831 na ni pana zaidi kwa milimita 20. Hapo tairi huanza kutafuta plastiki ya madigadi.

Rimu pia huchangia. Tazama namba inayoanza na ET. Upana wa rimu ukiwa uleule, kutoka ET30 hadi ET0 husogeza gurudumu nje milimita 30, na likikatwa kona huzunguka duara kubwa zaidi. Ukibaki na rimu za awali unaepuka nusu ya taabu.

Mwombe muuzaji afunge mawili ya mbele kwanza. Paka chaki kwenye plastiki, bampa na chesisi. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, ukienda mbele na ukirudi nyuma, kisha rudia gurudumu moja likiwa juu ya ukingo. Chaki ikifutika kwenye plastiki, fundi anaweza kuisogeza. Ikifutika kwenye chesisi, au tairi likikaribia paipu ya breki, yakatae matairi hayo. Tairi linalosugua chuma huku limebeba mzigo huweza kupasuka kwenye mteremko.

Kwa wanaobeba mazao, angalia pia namba ya uzito: 112 ina maana kilo 1,120 kwa kila tairi. Usishuke chini ya ile ya awali. Na kama spidomita ilikuwa sahihi kwa 265/65R17, ukiwa na 285/70R17 mshale ukionyesha 80, gari linakwenda karibu 86.

Mwisho, jaribu spea chini ya bodi ya nyuma. Isipoingia, usibaki na ile ndogo ya zamani: matairi ya vipimo tofauti huumiza difu, hasa ukitumia magurudumu yote manne.